Shangazi na Ukurasa Usiopambwa

Mchana wa Mishomoroni, siku zile, ulikuwa haumaliziki. Watu wakishakula wali wao hulala, na mtaa hunyamaza hata ukamsikia mbuzi wa jirani akitafuna karatasi. Mimi silali. Nimekaa kwenye kiti cha plastiki ndani ya duka la simu, feni inazunguka juu bila kuleta upepo wa maana, nami nautazama kwenye kompyuta ukurasa wa kampuni moja tajiri, ukurasa mweupe usio na chochote, na moyo unanienda mbio. Ndiyo, kwa ukurasa wa kampuni. Mkitaka kucheka, chekeni.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini. Duka lenyewe lilikuwa chumba kimoja kando ya barabara, na mwenyewe alikuwa mtu wa bara, mpole, mpenda maneno makubwa. Alianza na simu peke yake. Wanawake walikuja kuongea na waume zao walioko Uarabuni, wakalia na kucheka kwenye mkono ule ule wa simu. Baadaye akaleta kompyuta, akaichomeka kwenye waya ule ule, na nje akaandika kwa rangi nyekundu kwamba dunia yote imo humu ndani. Alichosahau kuandika ni kwamba dunia ikiingia, simu inakufa, maana laini ilikuwa moja. Kutwa nzima kazi yangu ilikuwa kusuluhisha mke anayetaka kupiga Maskati na mwanafunzi anayengoja barua yake ifunguke.

Nilizipenda zile kelele za kuunganisha. Mashine ilikuwa inalia, inakoroma, inapiga mluzi, halafu ghafla kimya, na kile kimya ndicho kilichonilevya. Nilihisi nimevuka mahali, sijui wapi. Nje jua linachoma mabati, harufu ya mbaazi za nazi inatoka uani, nami niko pasipo na jua wala mbaazi, nangoja kuona kitakachotokea kwenye kioo. Kila kitu kilikuja polepole wakati ule. Ulikuwa na nafasi ya kukitamani kitu kabla hujakiona.

Nikiachwa peke yangu nilizurura humo, na ndipo nilipoiona ile ajabu. Wenye mali walikuwa hawajipambi. Mabenki, kampuni za meli, za majani chai, za mafuta, hao wote ambao tukipita mbele ya malango yao tulikuwa tunashusha sauti, kurasa zao zilikuwa kijivu au nyeupe, maneno meusi, na hapa na pale mstari wa samawati wa kubonyeza. Ukibahatika, utaona picha ya jengo iliyopigwa kwa mbali na mtu aliyekuwa na haraka. Chini kabisa wameandika kwamba ukurasa haujaguswa tangu mwaka juzi, wala hawaoni haya. Lakini muuza vinyago mmoja wa Bombolulu, ambaye duka lake ungeweza kulizungushia leso mbili, yeye alikuwa na nyota zinazoanguka, maandishi yanayokimbia kutoka ukingo huu hadi ule, na kasuku wa kijani anayepiga mabawa. Nisiseme uongo, nilimpenda yule kasuku. Nilikuwa namfungua kila asubuhi kabla ya kufagia.

Nilikasirika kwa niaba ya macho yangu. Pesa zote zile, ua moja tu liwashinde?

Yule kijana alikuwa anaingia baada ya alasiri, anatoka kazini Changamwe. Alikuwa mtu wa Likoni, wazee wake wakulima wa huko tangu zamani, ila yeye alipanga chumba Bombolulu. Anatoa salamu, anaomba mashine, anafungua ukurasa mmoja tu, ule ule kila siku. Unafunguka mara moja, anautazama, anatabasamu peke yake, analipa, anakwenda zake. Siku ya kwanza nikasema ana haraka. Siku nyingine nikasema ana wazimu. Mwishowe ulimi ukanishinda.

"Samahani kaka, hiyo kampuni imekukosea nini hata ukawa unaichungulia hivi?"

"Huu ukurasa nimeuandika mimi," akasema.

"Wewe? Na huoni haya?"

Alicheka mpaka akashika meza. Watu wengine ukiwaambia hivyo wananuna wiki nzima, huyu akavuta kiti. Akanieleza kwamba mwenye kampuni ni mzee mmoja ambaye maghala yake huwezi kuyamaliza kwa kuyatembelea, na gari lake mlango umefungwa kwa waya. Mzee alimwita akamwambia: andika jina letu, bidhaa zetu, namba ya simu, kisha nyamaza. Anayetutafuta anatujua tayari. Basi yeye akaandika, akanyamaza, na marufuku kuongeza hata nukta bila idhini ya mzee. Kila siku akirudi ofisini kutoka kula mchana, jambo la kwanza la mzee ni kuutazama ukurasa wake, kama mtu anayetikisa kufuli kuona bado limefungwa.

"Na wewe mwenyewe umeridhika?" nikamwuliza.

"Mimi naupenda ulivyo mwepesi. Unafunguka hata kwa laini yenu hii ya kukohoa."

"Laini yetu usiitukane. Ukurasa wako ndio mgonjwa."

Tulipendana hivyo, kwa kubishana. Mimi nikitaka atie japo asumini moja pembeni, yeye akiniuliza asumini litasaidia vipi kuuza mabati. Kulikuwa na jioni nikifunga duka namwona bado amesimama upande wa pili wa barabara, ati anangoja gari, na magari matatu yameshampita. Nikilala nilikuwa nauona ule ukurasa gizani, mweupe, mtupu, na katikati yake yeye amekaa ananitazama. Nilimpenda, wallahi. Nilimpenda kuliko nilivyojua kwamba mtu anaweza kumpenda mtu.

Basi wazee wake wakaja na posa. Walikuja kwa adabu zote, kanzu zimepigwa pasi, halua imefungwa vizuri, na baba akawapokea vizuri pia. Baba yangu ni mtu wa maneno machache. Alisema, "Tupeni muda tuulize, mrudi Jumapili." Kila aliyekuwemo mle barazani alijua atakayeulizwa ni nani. Mama alifariki mimi mdogo, nikalelewa na dada yake baba, na katika mambo ya kuolewa kwangu baba alikuwa haongezi wala hapunguzi kwa lile atakalolisema dada yake.

Shangazi alikuwa mpambaji wa maharusi. Si mpambaji tu, mpambaji. Kuanzia Kisauni yote hadi ng'ambo ya Likoni, bibi harusi ambaye hina yake haikuchorwa na shangazi alikuwa anaulizwa kwa nini. Na katika kuchunguza mchumba alikuwa na mtindo wake. Wengine huuliza ukoo, huuliza msikiti anaosali. Yeye anataka kuiona kazi ya mikono ya mtu. Binamu yangu alipoposwa na seremala, shangazi alikwenda hadi karakana, akapanda na buibui lake kwenye kitanda ambacho kijana amekitengeneza, akalala chali, akajitikisa mara kadhaa mbele ya mafundi waliokodoa macho, akateremka, akasema, "Haya, aozwe." Mwingine alikuwa mshonaji. Shangazi akaipindua kanzu aliyoishona, akatazama mishono ya ndani, akaikunja, akairudisha. Yule hakuozwa.

Sasa ikawa zamu yangu.

"Ndoo hapa," akaniita. "Huyu wako kazi yake iko wapi nikaitazame?"

"Imo kwenye kompyuta, shangazi."

"Kwani kompyuta iko mbinguni? Twende."

Aliingia dukani na harufu yake ya udi na asumini, na mwenye duka akaruka kumpa kiti. "Karibu, mathe," akamwambia. Shangazi akamtazama kuanzia viatu. "Mimi si mathe wako. Lakini ahsante." Akaketi, akatoa miwani mkobani, akaipangusa kwa pembe ya leso. Mimi nikaunganisha. Mashine ikalia, ikakoroma, ikapiga mluzi. Ukurasa ukafunguka, pap, na shangazi akaendelea kungoja.

"Haya, fungua," akasema.

"Umeshafunguka, shangazi."

"Upi?"

"Huu."

Alisogea. Akavua miwani, akaivaa tena. Akatazama juu, akatazama chini, akatazama nyuma ya kompyuta, labda kuna kilichobaki huko.

"Yuko edani huyu?" akauliza.

Kwetu mwanamke aliyefiwa na mume hukaa eda: hapaki wanja, hatii hina, hajifukizi, hana pambo mwilini mpaka siku zake ziishe. Nikamwambia hapana, hakufa mtu, ni kampuni tu, ndivyo mwenyewe anavyotaka.

"Alaa! Mwenye maghala yote yale anataka hivi? Haya, huyo ni mzee bahili, hanihusu. Huyu kijana je? Ameukalia huu, ameutazama kwa mato yake, akaona umekwisha?" Aligonga kioo kwa kucha. "Hapa pamepwaya. Hapa pamepwaya. Hapa hata kistari hakuna. Mwanangu, mtu asiyeona palipopwaya atakutia kwenye nyumba ya kuta tupu, ukae ndani uzeeke, na siku moja hatagundua kwamba umenyamaza."

"Shangazi, ameamrishwa."

"Na wewe ukiwa mkewe atangoja amri ya nani akununulie kikuba cha asumini?" Akasimama. "La. Nitamwambia kaka yangu awajibu wazee wake kwa heshima, na halua yao tuwarudishie chombo."

Nililia. Sikuona haya, nililia palepale, na mwenye duka akajifanya anahesabu stempu. Shangazi alishaanza kuteremka kizingiti. Alirudi, akanifuta uso na buibui lake. Alikuwa ameumia pia, nilimwona, mdomo ulikuwa unamtetemeka.

"Sikiza. Mimi si mkaidi. Akiupamba, nitakuja tena kuutazama, na nikiridhika utaolewa. Asipoupamba kabla ya wazee wake kurudi Jumapili, basi tena."

Nilipomwambia mwenzangu, hakucheka. Alikaa akizungusha kalamu vidoleni. Akasema mzee akiona ua kwenye ukurasa wake, ataliondoa ua na yeye pamoja. Nikasema haya. Akasema haya nini? Akaondoka bila kuufungua ukurasa, mara ya kwanza tangu nimjue, na siku mbili nzima sikumwona. Zile siku mbili nilitembea kama mgonjwa wa homa. Watu wananisemesha nasikia kwa mbali. Nilifungua ule ukurasa asubuhi, mchana, jioni, na uko vile vile, mweupe, na nikaanza kudhani kwamba nikiutazama sana nitaona kitu kinamea.

Alhamisi akaja, macho mekundu.

"Kesho Ijumaa," akasema. "Ofisi hufungwa kwa sala, kisha mzee huenda kwake kula, hurudi baadaye. Nitasali msikiti wa karibu, nirudi mbio, nitie maua. Mlete shangazi baada ya sala. Akishayaona nipigie simu pale ofisini, nayatoa."

"Na nikichelewa?"

"Sitayatoa mpaka unipigie. Nisije nikayatoa, na yeye hajayaona."

"Na mzee akirudi?"

"Utakuwa umeshapiga," akasema, na akatabasamu lile tabasamu lake. Aliyajaribu maua yake kwa laini ya ofisi, yakaja mara moja. Sisi wawili tuliojiona mabingwa wa kompyuta Kisauni nzima, hakuna aliyefikiria laini ya kukohoa.

Ijumaa ile shangazi alijivalia kama anayekwenda harusini. Nikaunganisha. Kwanza ikaja rangi. Pale palipokuwa peupe pakaenea wekundu wa hina iliyokolea, na shangazi akasema "Aa!" kwa sauti ndogo, ambayo sikuwahi kuisikia ikimtoka. Kisha yakaja maneno yale yale, jina, bidhaa, namba ya simu. Halafu juu kabisa, kwa mstari mwembamba kama uzi, likaanza ua.

Lilikuja uzi kwa uzi. Uzi mmoja, kimya. Uzi mwingine, kimya. Ukawa ukingo wa jani, kisha jani, na ndani yake vistari vyeusi kama vya piko, na pembeni ncha nyeupe ya asumini. Alikuwa ameyachora mwenyewe. Shangazi alisogeza kiti hadi pumzi yake ikatia ukungu kwenye kioo. "Jani hili amelipinda sivyo," akanong'ona. Kisha, "Lakini ana mkono. Tazama hapa, alitaka kuvuka akajizuia. Ana mkono huyu." Feni ilizunguka. Harufu ya udi ilijaa chumba. Wanaume waliotoka msikitini walipita mlangoni na kanzu zao nyeupe, wakapita, wakaisha, na sisi tumekaa tunaangalia bustani ikiteremka polepole kutoka juu ya kioo. Sijawahi kuona kitu kizuri kama kile, wala sijakiona tena. Siku hizi kurasa zinafunguka kabla hujakaa vizuri, zote zimepambwa, na simkumbuki hata mmoja aliyenipambia mimi.

Nikasikia watoto. Walikuwa wanakwenda chuoni na misahafu yao, na wale watoto huenda chuo wakati watu wazima wameshamaliza kula.

"Shangazi, umeyaona? Sema tu umeyaona."

"Niache. Hayajafika hata nusu."

"Lakini umeyaona."

"Mtoto we, una nini? Bibi harusi hatazamwi mkono mmoja."

"Shangazi, nataka kupiga simu."

Aligeuka. Anajua sauti yangu, alinilea. "Sema."

Nikasema. Kwamba maua yale hayana idhini ya mtu. Kwamba mwenye kampuni yuko mezani kwake anakula, na akirudi jambo la kwanza ni kuutazama ukurasa, na akiyakuta kazi hakuna.

"Si ayatoe!"

"Hayatoi mpaka nimpigie nimwambie umeyaona. Ameapa."

"Mpigie basi, yarabi! Unangoja nini?"

"Laini ni moja, shangazi. Nikipiga simu, maua yanakatika."

Akakitazama kioo. Lilikuwepo ua moja zima, na la pili limefika kiunoni, na uzi mwingine ukashuka tukiutazama. Mwenye duka alisimama na kikombe chake cha chai, hakunywa.

"Mwendawazimu," shangazi akasema. "Mwendawazimu mtupu." Na macho yake yakawa yamejaa maji. "Kata."

"Hujaridhika, bado nusu."

"Nimesema kata! Ua mimi nalijua linavyomalizika."

Nikabonyeza sipo, nikabonyeza tena sipo. Shangazi akainama na buibui lake, akaufuata waya mpaka ukutani, akaung'oa mwenyewe. Kioo kikaganda. Mwenye duka akauchomeka waya kwenye simu, nikazungusha namba, nikasikia inaita. Inaita. Inaita. Ikashikwa.

"Ameona?" akauliza. Sauti yake ilikuwa ya chini, na nyuma yake nikasikia mlango wa gari, ule mlango unaofungwa kwa waya, unagongwa ufungwe.

Sikuwahi kujibu. Shangazi akanipokonya simu.

"Toa hayo maua, baba, toa sasa hivi," akasema. Akasikiliza. Alisikiliza kidogo tu, kisha akajifuta jicho kwa mgongo wa mkono. "Sikuyaona yote, mwanangu. Nimekuona wewe. Haya toa, na wazee wako Jumapili waje mapema, mimi ndiye nitakayepika."